Ukizindua zana ya picha mtandaoni, anza na shangazi wa kamati

Vijana wanaotaka kuanzisha zana ya watu kuangalia na kurekebisha picha pamoja mtandaoni huniuliza kwanza kuhusu seva na lugha ya programu. Hayo tutayafikia. Mimi huanza kwa kuwauliza: linki ikishatumwa, nani ataifungua? Wakijibu "mpiga picha", najua bado tuna kazi.

Sisi tuliijenga ya kwetu hapa Arusha, tukaanza na watu wa harusi, kampuni za utalii zikafuata. Picha au video inapakiwa mara moja. Wahusika wanaifungua kila mmoja alipo, wanaona mwenzao ameweka kidole wapi, wanaacha maoni juu ya picha yenyewe, na mmoja wao anaidhinisha. Jina lake silitaji, hili si tangazo.

Zamani kazi hiyo ilipita kwenye grupu la WhatsApp, na kwa wengi bado inapita huko. Mpiga picha anamwaga picha za sendofu, kisha maoni yanaanza kumiminika: "ile ya tatu kutoka juu iondoeni", "pale shangazi anapocheza pakatwe". Ya tatu kwenye simu ya nani? Shangazi yupi, wa upande gani? Juu ya hayo, WhatsApp inabana picha ili isafiri haraka, kwa hiyo mama wa bibi harusi anaona sura zimefifia na lawama inamwendea kameramani aliyefanya kazi safi kabisa. Video ikirekebishwa inarudi na jina "fainali", halafu "fainali mpya", halafu "fainali kweli", na mchapaji wa albamu anachukua yoyote iliyo karibu.

Mpiga picha hana haja ya kubembelezwa. Mtu aliyejifunza kuhariri video peke yake usiku kwa kutazama YouTube atajifunza na zana yako, hata kama vitufe vimekaa ovyo. Atakayeiua au kuiokoa ni mteja wa mteja wako: mama mkubwa aliye Marangu, mwenyekiti wa kamati aliye kazini Dodoma, wakala wa safari aliye Ujerumani anayesubiri picha za Ngorongoro. Hao hawatafungua akaunti. Hawatatunga nywila. Hawatapakua programu yoyote kwenye simu iliyojaa tayari. Linki ifunguke kwenye kivinjari kilichopo na iulize kitu kimoja tu, jina. Hata hapo usiweke visanduku viwili vya jina la kwanza na la ukoo, kwa sababu watu wa kamati hawaitani hivyo. Weka kimoja. Mtu akiandika "Shangazi wa bwana harusi", kila anayehusika anajua ni nani.

Kitu kilichofanya shangazi watukubali ni sauti. Unagusa sehemu ya picha, unashikilia, unasema, unaachia. Maoni yako yanabaki pale ulipogusa. Watu wazima wengi wanaona kuandika kwenye simu ni adhabu, ila kuongea wanaweza hata wakiwa jikoni. Ukiwa na nafasi ya kujenga kitu kimoja tu cha ziada, jenga hicho kabla ya rangi na michoro ya kupendezesha.

Sasa mtandao. Kamera nyingi za kazi hurekodi video ya 4K kwa takriban megabiti 100 kwa sekunde, yaani dakika moja ni karibu MB 750. Hakuna mwenye bando la kuchezea hivyo. Faili kubwa libaki kwa mhariri. Wengine wape nakala nyepesi ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo dakika yake ni kama MB 7.5. Kwa kuamua kama shangazi akatwe au abaki, nakala hiyo inatosha sana. Andika ukubwa wake kwenye kitufe kabla mtu hajabonyeza, maana anayelipia bando ni yeye.

Wengi wanaposikia "wakati mmoja" hudhani lazima video irushwe kutoka kwa mmoja kwenda kwa wengine kama simu ya video. Usifanye hivyo. Kila mtu awe na nakala yake nyepesi, kisha kinachosafiri kiwe amri ndogo ndogo: cheza, simama, nenda fremu ya 1,250, kidole kiko hapa. Amri hizo ni baiti chache, zinapita hata mtandao ukiwa dhaifu. WebSocket, njia ya mawasiliano iliyosanifiwa tangu 2011, inaiweza kazi hiyo bila mbwembwe. Mahali pa kidole pahifadhi kama sehemu ya upana na kimo cha picha, usihifadhi kwa pikseli, la sivyo alama iliyowekwa puani kwenye kompyuta itatua kwenye sikio la mtu mwingine kwenye simu. Wala usiamini saa za simu. Nyingi ziko nyuma au mbele, kwa hiyo kila kifaa kipimwe tofauti yake na saa ya seva ndipo uanze kuchezesha video kwa pamoja.

Kuhusu watu wawili kubadilisha kitu kimoja kwa mpigo, utakutana na CRDT, mfumo wa data unaounganisha mabadiliko ya watu wengi bila kugongana, ulioelezwa rasmi na Marc Shapiro na wenzake 2011, na maktaba zake za programu kama Yjs zipo bure. Ni kazi nzuri sana ya kitaalamu, ila kwa maoni juu ya picha huna haja nayo: kila oni linajitegemea, lina namba yake, linaongezwa tu kwenye orodha. Ugumu unaanza watu wakishika kitu kilekile, mfano wawili wanasogeza nembo moja kwenye bango. Waundaji wa Figma, zana ya kubuni michoro pamoja mtandaoni, wenyewe walieleza kwamba hawakuichukua CRDT nzima. Seva yao ndiyo inayoamua, na aliyebadilisha mwisho ndiye anayebaki. Kampuni hiyo ilianzishwa 2012 na ikafungua milango kwa umma 2016. Miaka yote hiyo kuna aliyekuwa anawalipia mkate. Wewe ukianzia Sakina au Njiro hapa Arusha na akiba yako, chagua njia fupi.

Njia fupi ina sharti moja: mtandao ukikatika, kazi isipotee. Mtu yuko kwenye basi la Moshi, anaongea oni lake, laini inazima. Oni libaki kwenye simu na liandikwe wazi "halijatumwa", lijitume lenyewe laini ikirudi. Programu nyingi humwonyesha mtu alama ya kijani hata pale ambapo hakuna kilichofika, na huo ni uongo unaomgharimu mpiga picha. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima tulionja intaneti ya kobe. Waliokuwa wameshafungua albamu zao waliendelea kuweka alama, zikaja zote mtandao uliporudi. Kwa seva, wengi hudhani iliyoko Cape Town lazima iwe bora kuliko ya Ulaya kwa kuwa iko Afrika. Pima kwa laini za mitandao mbalimbali kabla ya kulipia, maana waya haufuati ramani.

Muda wa kuzindua huku kwetu una kalenda yake. Kwaresma harusi za kanisani hupungua, na kameramani anayekukwepa Desemba atakaa na wewe mchana kutwa mwezi Machi. Aprili na Mei mvua za masika zinapunguza watalii, ofisi za safari zinapumua. Huo ndio wakati wa kwenda na kompyuta yako mgongoni, kukaa pembeni na kuangalia watu wanavyohangaika bila kuwasaidia. Kuanzia Juni watalii wamejaa na hakuna meneja atakayekusikiliza. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, harusi zinafuatana, na zana isiyoaminika haiguswi na mtu. Sherehe ya uzinduzi hotelini na fulana zenye nembo sikushauri. Hela hiyo inatosha kuwapa wapiga picha kadhaa huduma bure hadi msimu ujao.

Bei iende kwa kazi. Mpiga picha wetu halipwi kila mwezi, analipwa kwa harusi, kwa hiyo malipo ya kila mwezi kwa kadi ya benki ni mlango uliofungwa kwa wengi. Sisi tunatoza kwa tukio, kwa lipa namba, naye anaiingiza kwenye bei yake kama anavyoingiza mafuta ya gari. Kampuni za utalii ndizo zinazotaka ankara ya mwaka.

Wanacholipia hasa, niwe mkweli, ni kitufe cha kuidhinisha. Kidole kinachosogea juu ya picha kinawafurahisha siku ya kwanza. Baada ya hapo wanataka ushahidi kwamba toleo hili lilikubaliwa, na nani, saa ngapi. Ruhusu mwidhinishaji mmoja tu kwa kila kazi. Kamati ikiwa na wawili, umeirudisha WhatsApp kwa mlango wa nyuma. Akishabonyeza, toleo lifungwe na mchapaji apewe hilo peke yake. Waambie pia kwamba rangi ya kwenye kioo cha simu na ya kwenye karatasi hazifanani, maana hili litawaletea ugomvi hata zana yako ikiwa haina kosa.

Kisha kuna usalama. Linki za harusi husambaa, na ndani yake kuna watoto wa watu na picha ambazo bibi harusi hajazikubali. Toa linki mbili: ya kutazama, na ya kuidhinisha inayofunguka kwa namba ya simu ya mtu mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake, hivyo jisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla hujafuatwa. Faili kubwa weka tarehe ya kuyafuta na umtumie mpiga picha meseji ya kawaida mapema ayachukue, maana barua pepe wengi hawafungui. Kuhifadhi video za harusi zilizokwisha ndiko kutakakokula hela yako, na hakuna mteja atakayekulipa kwa hilo.