Ile rangi ya kijani kwenye miwani si uchafu

Miwani yangu ya kwanza yenye utando wa kuzuia mng'ao niliiharibu kwa mikono yangu. Kila nikiiinamisha chini ya taa naona kivuli cha kijani juu ya lenzi, nikadhani ni mafuta. Basi nikawa nasugua kwa pindo la shati, kavukavu, asubuhi na jioni. Kijani hakikutoka. Kilichotoka ni utando wenyewe, ukabaki vipandevipande.

Lenzi tupu ya kioo hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, na nyuso ni 2. Ukiipaka utando, mwanga unarudishwa mara mbili: juu ya utando, kisha pale utando unapokutana na kioo. Unene wa utando ukiwa robo ya urefu wa wimbi la mwanga, mwanga wa pili unakuwa umekwenda robo na kurudi robo, umechelewa nusu wimbi nzima. Kilele cha huu kinaangukia bonde la ule, vinafutana. Na nishati haipotei: mwanga uliokosa njia ya kurudi unapenya kwenda jichoni.

Kwa floridi ya magnesiamu, iliyotumika sana kwenye lenzi za kamera, unene huo ni kama nanomita 100 tu. Unywele wako ni mnene kuliko hapo mara mamia. Ndicho nilichokuwa nakisugua kwa shati lenye vumbi!

Ila unene mmoja haufuti rangi zote. Ukipimwa kwa mwanga wa kijani, nyekundu na buluu hubaki kidogo, ndiyo maana lenzi nyingi za zamani hung'aa zambarau. Miwani ya siku hizi hupakwa matabaka kadhaa, na masalia yake mara nyingi ni ya kijani. Kwa hiyo ukitaka kujua kama umeuziwa utando kweli, tazama taa nyeupe ikijiakisi kwenye lenzi. Ikionekana nyeupe vilevile, hamna kitu.

Katharine Blodgett, mwanasayansi wa Marekani, mwaka 1938 alipanga tabaka 44 zenye unene wa molekuli moja moja juu ya kioo, mng'ao ukakaribia kutoweka. Tatizo lilikuwa ulaini: utando wake ulifutika kirahisi. Wa leo ni mgumu zaidi, lakini usiujaribu. Suuza kwanza kwa maji vumbi liondoke, weka tone la sabuni ya maji, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Na usiiache kwenye gari lililopigwa jua; lenzi ya plastiki hutanuka kuliko utando, ukapasuka nyufa kama wavu wa buibui.

Miwani yangu ya sasa ina kijani kilekile. Kikipauka sehemu moja, najua hapo nimegusa kwa kidole: mafuta yamekaa juu ya utando na hesabu ya mawimbi imevurugika.