Sitini si sabini: kwa wadogo zangu wa simulesheni

Juzi mdogo wetu wa mwaka wa kwanza katuonyesha picha ya presha ndani ya bomba la hewa, iliyokokotolewa kwa OpenFOAM, programu ya kompyuta ya kuiga mtiririko wa hewa na maji: nyekundu huku, buluu kule, imependeza kama kanga mpya. Nikamuuliza: hiyo nyekundu ni kiasi gani? "Sitini." Sitini nini? "Paskali, kaka." Nikafumba macho. Naandika kwa sababu nimechoka kurudia haya kwa mmoja mmoja huku chai yangu inapoa.

1. checkMesh, amri ya kukagua meshi (ule mtandao wa seli ndogondogo tunaoigawia njia ya hewa), inaendeshwa kabla ya kulala, si asubuhi kesi, yaani hesabu yako, ikishalipuka.

2. Residio (masalio ya makosa katika milinganyo) zikishuka, solva, yaani programu inayoitatua, imeridhika na ulichompa. Ukimpa upuuzi, ataridhika nao vilevile. Zangu zilishuka vizuri mno.

Nilikuwa nashughulikia njia ya hewa ya kikaushio cha mahindi: solva ya simpleFoam, modeli ya msukosuko ya k-epsilon, mambo ya kawaida. Pale maabara, Dar es Salaam, tulikuwa na njia yenyewe ya bati na feni yake, na mzee wetu wa maabara akapima upotevu wa presha kwa manometa ya maji iliyolazwa mshazari. Paskali 70. Mimi nina 60. Nikasema meshi ni nene, seli zake kubwa mno, nikaisaga kutoka seli laki tatu hadi milioni mbili. 60. Nikabadilisha modeli ya msukosuko. 60 na ushee. Miezi mitatu ikaenda hivyo, msimamizi anauliza, mimi najibu "nakaribia".

Mwishowe nikamfuata mzee nikamwambia, mbele ya wanafunzi, kwamba manometa yake ni mbovu. Hakubishana. Akaifungua, akaisafisha, akaijaza maji upya, akapima: 70. Nikamwambia labda anaisoma vibaya. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mtu wa umri wa baba yangu. Akavua miwani, akaniuliza: "Mwanangu, hewa yako humo kwenye kompyuta ina uzito gani?"

Nikafungua transportProperties, faili la sifa za hewa, nimwonyeshe. Mle mna nu tu, mnato uliokwisha kugawanywa kwa densiti. Hamna rho, densiti yenyewe.

Solva hii haijui densiti. Presha yake imeshagawanywa kwa densiti, na faili la p lenyewe linakutangazia, juu kabisa: [0 2 -2 0 0 0 0], yaani mita za mraba kwa sekunde ya mraba, si paskali. Nililifungua kila siku kwa miezi mitatu. Hewa ya Dar kwenye nyuzi 30 ni kama kilo 1.165 kwa mita ya ujazo. Izidishe kwa 60 uone. Ingekuwa maji ningekosea mara elfu, nikashtuka siku hiyohiyo. Ningekuwa Nairobi, ambako kwa ule mwinuko hewa inakaribia kilo 1, nisingejua kabisa, ningevaa joho na kosa langu ndani yake. Hii ya asilimia 14 ndiyo inayoua: inakunyima usingizi, lakini bado inakuachia nafasi ya kumsingizia mtu mwingine.

3. Mkisaga meshi kama nilivyosaga mimi, tazameni y+, umbali wa seli ya kwanza kutoka ukutani, uliopimwa kwa kipimo cha mtiririko wenyewe. Fomula za ukutani zinataka kama 30 kwenda juu, nami nilikuwa nimeshuka chini ya hapo bila habari, kosa juu ya kosa.

4. Umeme utakatika. writeInterval (muda kati ya kuhifadhi) fupi, startFrom latestTime ili ianzie ilipoishia, na purgeWrite ifute matokeo ya zamani ili diski ya klasta, kompyuta zetu za pamoja, isijae halafu tuanze kutafutana ubaya.

5. Kabla ya jiometri yako, fanya kile kisanduku chenye mfuniko unaoteleza, jaribio ambalo majibu yake yanajulikana, ulinganishe na majedwali ya Ghia na wenzake ya 1982. Najua mnakiona cha kitoto. Kinachukua dakika chache, na mimi nilikiruka.

6. Msamaha hauombwi kwa barua pepe. Nilijaribu, mzee hasomi barua pepe. Nikaenda mwenyewe na kahawa, akacheka mpaka akakohoa. Hadi leo nikipita mlangoni ananiuliza kama hewa ina uzito leo.

Wewe wa picha nyekundu: manometa iko kabati la kushoto. Anza na shikamoo.