Tuanze na maharage chukuchuku

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: shule za New York zina siku maalumu za chakula kisicho na nyama; je, na shule zetu zianzishe siku moja kwa wiki ya chakula cha mimea tupu? Nililisoma kwa sauti nyumbani tukiwa mezani. Binti yangu, aliyemaliza kidato cha nne bweni mwaka juzi, akaacha kula. "Siku moja? Na hizo sita nyingine wanataka tule nini?"

Nimefundisha miaka 26, na 6 kati ya hiyo nilibebeshwa kazi ambayo hakuna mwalimu anayeigombania: mwalimu wa chakula katika shule ya bweni, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, wanafunzi 600 na ushee. Funguo za stoo zilikaa kwangu, na lawama pia. Ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa bwalo naikumbuka hadi leo. Asubuhi uji, mchana ugali na maharage, jioni ugali na maharage. Jumatano makande. Jumapili wali na maharage. Nyama ilikuja mara mbili kwa mwezi, vipande viwili kwa mtu, na siku hiyo hata watoro walionekana kwenye foleni. Kwa mambo ya mimea, New York wametukuta njiani.

Wenzetu wana sababu zao. Jumatatu bila nyama iliingia katika shule zote za umma za jiji lile mwaka 2019. Februari 2022 Meya Eric Adams, ambaye mwenyewe aligeuza mlo wake baada ya kupimwa na kukutwa na kisukari, akaongeza Ijumaa ya vyakula vya mimea. Mtoto wa kule siku nyingine ana baga, ana kuku, ana jibini. Ukimtolea nyama Ijumaa hujampunguzia kitu, pengine umemsaidia. Mtoto wa kwetu ukimtangazia kwamba leo ni siku ya mimea atadhani unamkejeli.

Ningeweka kalamu chini hapo, lakini kuna jambo la Embu.

Kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikwenda Embu, Kenya, katika shule 12 za msingi, wakafanya kitu rahisi sana. Watoto wa darasa la kwanza wa shule tatu walipewa githeri, yaani makande, yenye nyama ya kusaga. Shule nyingine walipewa githeri na glasi ya maziwa. Nyingine githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu ya chakula ilingane na ile ya wenzao. Kundi la nne halikulishwa shuleni, na mwisho familia zake zikapewa mbuzi wa maziwa, jambo ambalo mimi naliona ni la kiungwana kuliko utafiti mwingi ninaousikia. Wakawafuatilia: kimo, misuli ya mkono, damu, mitihani ya kufikiri, hata namna wanavyocheza uwanjani.

Waliokula githeri ya nyama walipanda zaidi katika ule mtihani wa kufikiri kwa michoro, mikono yao ikajaa misuli zaidi, na uwanjani ndio waliokimbia zaidi na kuwaongoza wenzao katika michezo. Maziwa yaliwasaidia wadogo waliokuwa wamedumaa kuongeza kimo. Upungufu wa vitamini B12 ulipungua kwa waliopata nyama na kwa waliopata maziwa. Waliokula githeri yenye mafuta walishiba kama wenzao, kwani ndivyo chakula kilivyopimwa tangu mwanzo. Kushiba hakukuwaletea yale mengine.

Nilipoisoma habari hiyo, tayari nilikuwa na miaka mitatu stoo, na niliona aibu kidogo. Nilikuwa nimezoea kuwaambia wazazi kwenye vikao kwamba mahindi na maharage yanatosha. Si uongo mtupu. Protini ya mahindi ina upungufu mahali ambapo ya maharage ina ziada, na ya maharage vivyo hivyo, ndiyo maana bibi zetu waliyapika pamoja bila kusubiri maabara. Ila B12 haimo kwenye mmea wowote tunaopika. Madini ya chuma yamo kwenye maharage, lakini yameshikwa na kitu kinachoitwa faiteti, mwili unapata sehemu ndogo tu. Mtoto wa New York asiyekula nyama anapata B12 kutoka vyakula vya viwandani vilivyoongezwa virutubishi. Sisi tangu mwaka 2011 tuna kanuni zinazotaka unga uongezwe virutubishi viwandani. Unga wa shule yangu ulitoka mashine ya kijijini, mita 200 kutoka getini, na kilichoongezwa mle kilikuwa vumbi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: siku ya mimea tunayo, tena tunazo saba. Tupigie kelele sufuria yenyewe, kisha tuombe siku mbili za dagaa.

Kuhusu sufuria nina mengi. Kwa asiyewahi kukaa bweni, maharage chukuchuku ni maharage, maji na chumvi. Hayajaungwa. Mchuzi wake ukiutazama unauona uso wako. Mwanafunzi anachovya tonge, anapuliza wadudu pembeni (wanaelea, kwa hiyo ni rahisi), anameza. Kila mwaka tulikuwa na mgomo mdogo wa chakula, na kila mwaka kikao kiliitishwa tukajadili nidhamu.

Aliyenifungua macho ni mpishi wetu mkuu, mama wa makamo ambaye hakuwahi kuitwa kwenye kikao chochote kati ya hivyo. Siku moja nilimlalamikia kwamba maharage yamechelewa na mengine ni magumu kama kokoto. Akanijibu bila kugeuka, "Mwalimu, unanipimia saa mbili asubuhi, unataka saa saba yawe yameiva. Nipe jana."

Nikampa jana. Yaani kila jioni kabla ya kufunga stoo nikawa napima maharage ya kesho, wanafunzi wa zamu wanayapekua, yanalowekwa usiku kucha, asubuhi yale maji yanamwagwa. Kupekua peke yake kulipunguza nusu ya manung'uniko. Kuloweka na kumwaga maji kunapunguza ile faiteti, na kunapunguza gesi tumboni, hivyo vipindi vya mchana vikapata utulivu ambao walimu wenzangu waliusifia bila kujua chanzo chake. Na kuni! Moto uliokuwa unawaka saa nne kwa sufuria moja ukashuka hadi saa mbili na kitu. Sasa hivi jambo hilo ni kubwa zaidi, maana serikali ilielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Gesi haichukuliwi msituni. Shule isiyoloweka maharage italipia uvivu huo kwa mtungi. Tena nionye: kupunguza moto kusifanywe kwa kuyatoa yakiwa hayajaiva. Maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu ya asili inayotapisha, na bweni zima likitapika usiku hakuna atakayekumbuka umeokoa gesi kiasi gani.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kuunga. Fedha haikuongezeka, tulihamisha. Bajeti ya nyama ya mwezi ilikuwa inatupa vipande vinne kwa mtoto kwa siku 30. Kati ya zile mara mbili tukaacha moja, ikabaki moja, na ile tofauti ikanunua karanga, nyanya, vitunguu, mafuta na magunia ya dagaa wakavu. Walimu wawili walisema nimekula hela. Walikuwa na haki ya kushuku. Stoo za shule zina historia yake. Niliwapa daftari.

Dagaa nawatetea kwa sababu wanaliwa na mifupa yao, na ile B12 isiyopatikana kwenye mimea wanayo. Tulikuwa tunawakaanga bila mafuta, tunawatoa vichwa vyenye mchanga, tunawatwanga, unga wao unaingia kwenye maharage yakikaribia kuiva. Wiki ya kwanza wanafunzi walilalamikia harufu. Wiki ya tatu walilalamika siku ambayo dagaa hawakuwepo. Kwa mwanafunzi asiyekula samaki, na walikuwepo wachache, tulitenga sufuria ndogo kabla ya kutia dagaa.

Matunda ni hadithi fupi. Chungwa nusu, au kipande cha embe la msimu, likiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi juu ya mlo huohuo hufanya kinyume chake. Shule nyingi zina miembe uwanjani, na adhabu kwa anayeokota embe.

Nilishindwa kwenye dona. Nilitaka tuache kukoboa, kwa kuwa kwenye kiini na pumba ndiko viliko vitamini na madini mengi, na gunia la mahindi linaenda mbali zaidi. Wanafunzi waliliita ugali wa gerezani. Tukakubaliana dona siku tatu, sembe siku nne. Na nilijifunza kuogopa mahindi mabichi yaliyowekwa stoo: mwaka 2016 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, iliua watu huko Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 ilikuwa imeua zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya. Dona la mahindi yenye ukungu ni baya kuliko sembe, sumu haifi kwa kupikwa.

Mhariri, kuna mbaazi pia. India ilipobana uingizaji wa mbaazi mwaka 2017, bei ikaanguka, wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara wakakaa na magunia yasiyo na mnunuzi. Wakati uleule, kwenye shule yangu, mzabuni alikuwa anatuuzia maharage kwa bei ya kuruka. Nilipopendekeza mbaazi niliambiwa mkataba unasema maharage. Mtu wa pwani anayejua mbaazi za nazi ataelewa kwa nini jambo hilo bado linanikera.

Haya yote ni ya bweni, ambako angalau fungu la chakula lipo. Shule za kutwa ni kazi nyingine. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, chakula cha mchana kimebaki kwa wazazi kuchangia, kwa mahindi au fedha, na katika shule nilizotembelea nimeona watoto ambao kwao hawajachanga wakipelekwa upande wa pili wa uwanja wenzao wakila. Nairobi tangu mwaka 2023 mzazi analipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, kaunti na shirika la Food4Education wanabeba zilizobaki, chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja na mtoto anagusisha bangili ya mkononi kupata sahani yake. Sahani yenyewe mara nyingi ni wali na maharage au ndengu, yaani choroko. Ukiitazama bangili, huoni nani kalipiwa na nani kajilipia. Hicho ningekiiga kutoka nje mapema kuliko Ijumaa ya New York.

Kwa mwalimu wa chakula atakayesoma hapa, hivi ndivyo yule mama alivyopika kwa watoto 600. Maharage kilo 60, yamepekuliwa na kulowekwa tangu saa mbili usiku, maji yamemwagwa. Yachemke kwa nguvu, kisha moto wa wastani hadi yabonyee. Sufuria ya pembeni: mafuta lita 6, vitunguu kilo 6, nyanya debe moja hadi zipondeke. Mimina kwenye maharage. Karanga kilo 8 zilizokaangwa na kusagwa, zikorogwe kwanza na maji ya vuguvugu zisifanye madonge. Unga wa dagaa kilo 5. Chumvi ya madini joto mwisho kabisa. Na mwiko usiachwe, karanga hushika chini.