Usiulize ametoka mkoa gani, muulize alipima lini

Kila yakitoka matokeo ya utafiti wa ukimwi sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunajua hiyo wiki ni ya kutaniwa tu. Mimi kwetu Makambako, nimekulia hapo hapo njia panda, na tangu nihamie Dar nimeshasikia mengi, kuna jamaa tulikua tunaongea vizuri kabisa alivosikia natoka Njombe akacheka eti huko si ndo ngoma inagawiwa bure. Nikamuuliza we umepima lini? Akabadilisha mada.

Namba zenyewe sibishani nazo. Utafiti wa 2022-23 ulikuta kitaifa wanaoishi na virusi vya ukimwi ni asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea, ila Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati Kigoma ni 1.7 tu. Wanawake 5.6, wanaume 3.0. Na zamani ukitaja ukimwi watu walikua wanawaza Bukoba maana wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, leo vidole vimehamia kwetu.

Na sababu zipo, wala sio laana. Ile barabara ya Zambia inapita kwetu, malori yanalala Makambako, Mafinga mpaka Tunduma, halafu kuna mashamba ya chai, kuna mbao, vibarua wanakaa mbali na familia miezi na miezi na hela ya msimu ikiingia inaingia yote kwa pamoja, gesti zinajaa. Ongeza na tohara, kwa wengi wetu haikua mila, kampeni za hospitali zimekuja kupamba moto baadae sana, na tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60 hivi. Inampunguzia, haimfanyi chuma, msijisahau.

Sasa hapa ndo watu wanapochanganya. Hiyo 12.7 inahesabu kila anayeishi na virusi, pamoja na yule mama aliyeanza dawa zamani zile ndo kwanza zinaanza kutolewa, akala dozi bila kuruka, kasomesha watoto na saivi analea wajukuu. Huyo kama wingi wa virusi kwenye damu umeshuka mpaka hauonekani kwenye kipimo hamwambukizi mtu kwa ngono. Dawa zikifanya kazi watu hawafi, wasipokufa wanaendelea kuhesabiwa, kwa hiyo mkoa unaweza kubaki juu miaka na miaka hata kama maambukizi mapya yanapungua.

Utafiti huo huo unasema kati ya wanaoishi na virusi, wanaojua hali zao ni kama 83 katika 100. Wanaojua karibu wote wako kwenye dawa, na walio kwenye dawa 94 katika 100 virusi vimefubazwa. Kwa hiyo wa kumuogopa zaidi ni yule asiyejua, na huyo anaweza akawa mtu wa Kigoma, wa Mikocheni, au wewe unayesoma hapa.

Wanaume ndo wagumu zaidi kupima, na wana ujanja mmoja unanichosha. Binamu yangu anaendesha lori la Tunduma, ukimgusia kupima anakwambia mimi niko poa, mke wangu alipima kliniki ana mimba wakamwambia yuko safi. Kaka, hayo ni majibu ya mke wako! Watu wanalala kitanda kimoja miaka mmoja anavyo mwingine hana, wapo wengi tu. Huyu binamu nilichoka kumsema nikamtafutia kile kipimo cha kujipima mwenyewe cha mate, unasugua kwenye fizi unasubiri kama dakika 20, akajipimia ndani ya gari lake hakuna aliyemuona. Ila jueni kikionyesha mistari miwili, yaani huenda unavyo, bado hujapata jibu la mwisho, nenda kituo cha afya wathibitishe. Na kama tukio ni la juzi kipimo kinaweza kisione kitu, rudia baada ya miezi mitatu.

Mkianza mahusiano nendeni wote wawili siku moja, msikie majibu pamoja, habari za "nilishapima mwaka juzi" achana nazo. Mimi na mume wangu tulifanya hivo kabla ya posa, alinuna njia nzima lakini alienda. Kondomu ikipasuka au umebakwa usikae unalia ndani wala kuuliza kwenye magrupu, wahi hospitali ndani ya saa 72 upewe dawa za kinga, unameza siku 28, na kuwahi siku hiyo hiyo ni bora kuliko kesho.

Kwa mliokutwa navyo, najua wengi wa kwetu mnaruka kliniki ya karibu mnaenda wilaya nyingine mkiogopa jirani asiwaone, siwalaumu, maneno ya watu yanauma. Ila nauli ikikata na dozi inakata, virusi vinapanda tena. Mwambieni nesi ukweli kwamba mnatoka mbali, mtu ambaye hali yake imetulia anaweza kupewa dawa za miezi mingi kwa mpigo mpaka sita, na ukihama kikazi omba barua ya uhamisho mapema, usisubiri mpaka kopo limebaki na vidonge vya siku mbili ndo uanze kuulizia kliniki iko wapi.