"Karatasi ya hatari" itamkinga mwanangu na nini?

SWALI: Kijana wangu alipata grini kadi (kibali cha kuishi Marekani), akajiunga na jeshi la Marekani, na sasa ni dereva wa malori Texas. Nikimpigia simu huniambia kesho wanatoka kwenda mazoezini na "karatasi ya hatari" bado haijatiwa saini. Karatasi itamkinga na nini, na jeshi lenyewe ndilo hatari?
Mama Brian, Nakuru

JIBU: Mama Brian, salamu zako zimenifikia. Nilikuwa sajenti wa malori katika jeshi hilohilo, na karatasi hiyo, yaani fomu ya kuorodhesha hatari za kazi kabla haijaanza, nimeijaza sana.

Wengi hudhani askari huuawa na risasi tu. Wakaguzi wa serikali ya Marekani walitoa ripoti mwaka 2021: kati ya 2010 na 2019, magari ya jeshi la nchi kavu na ya Marine (askari wa majini) yalipata ajali 3,753 nje ya vita, wakafa askari 123, wengi wao gari lilipopinduka. Kwa hiyo adui anayeandikwa kwenye karatasi ya Brian ni giza, usingizi, jua kali na mto.

Kila hatari hupimwa kwa mambo mawili: inaelekea kutokea kiasi gani, na ikitokea itaumiza kiasi gani. Kisha huandikwa dawa yake, na hatari inayobaki baada ya dawa ndiyo huamua nani atie saini. Ikiwa ndogo, kamanda wa karibu anatosha. Ikiwa kubwa, karatasi hupanda kwa wakubwa, na mkubwa anaweza kusema hamwendi.

Chukua joto. Kuna kipimo kinachojumlisha jua, unyevu na upepo. Kikifika nyuzi 90 za Farenhaiti, kama 32 za Selsiasi, bendera nyeusi hupandishwa: kazi nzito ni dakika 10, mapumziko 50. Hata maji yana mpaka, si zaidi ya lita moja na nusu hivi kwa saa, kwa sababu wapo askari waliokufa kwa kunywa maji kupita kiasi.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni karatasi ya mwezi jana iliyobadilishwa tarehe tu. Tarehe 2 Juni 2016, hukohuko Texas, kambi ya Fort Hood, lori lenye watu 12 lilichukuliwa na maji kwenye kivuko cha Owl Creek. Lilikuwa zoezi la udereva. Wakafa tisa. Kivuko kinachopitika wakati wa kiangazi si kivuko kilekile baada ya mvua kubwa, na hilo analiona aliyekwenda kukitazama asubuhi ile, si aliyebaki ofisini na kalamu. Ndiyo maana hatua ya mwisho ya kazi hii ni kusimamia: sajenti ashuke, akague mikanda, amuulize dereva amelala kwa saa ngapi.

Basi ukimpigia, mama, muulize hayo. Amelala? Amefunga mkanda? Wamefanya zoezi la kutoka kwenye gari lililopinduka? Gari likirudi nyuma, kuna mtu chini anayemwongoza? Na umkumbushe kwamba kwenye uwanja wa shabaha hata askari mgeni kabisa akiona hatari anaruhusiwa kupaza sauti kusimamisha ufyatuaji, na wote, pamoja na maafisa, husimama.