Daraja la tatu si hatua ya tatu

SWALI: Daktari, nakusalimu. Dada yangu mwenye umri wa miaka 46 alichukuliwa kinyama cha kupimwa kwenye titi, na majibu ya maabara yanasema "saratani, daraja la 3, alama 8 kati ya 9". Daktari wa upasuaji naye ametuambia yupo hatua ya pili. Tuamini ipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Aminini zote mbili, kwa kuwa hazizungumzii jambo moja. Hatua hueleza ukubwa wa uvimbe na mahali ulipokwisha kufika, kama vile tezi za kwapani, ilhali daraja hueleza sura na mwenendo wa seli zenyewe chini ya hadubini.

Utaratibu unaotumika sana kupanga daraja ni ule wa Nottingham, Uingereza, ambao Elston na Ellis waliuchapisha mwaka 1991 baada ya kuboresha ule wa Bloom na Richardson wa mwaka 1957. Mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza kinyama maabara, huangalia mambo matatu, na kila moja hupewa alama 1 hadi 3. Huangalia kama seli bado zinajipanga kuwa vijifereji: vikizidi asilimia 75 ya uvimbe ni alama 1, vikiwa chini ya asilimia 10 ni alama 3. Huangalia kama viini vya seli vinalingana au vimevimba na kupishana umbo. Kisha, na hapa ndipo penye kazi, huhesabu moja moja seli zilizokutwa zikigawanyika. Hesabu hiyo hupotoka kinyama kikichelewa kutiwa formalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, na mimi nimewahi kupokea kopo siku ya pili likiwa na maji ya chumvi matupu.

Jumla ya 8 au 9 ndiyo daraja la 3. Alama 8 ina maana mambo mawili yamepata 3 na moja 2. Ulizeni mgawanyiko wa seli umepata ngapi. Ni kweli kwamba saratani ya daraja hili hurudi zaidi kuliko ya daraja la 1, mengine yakilingana, lakini seli zinazogawanyika kwa kasi mara nyingi ndizo zinazoitikia vizuri tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani.

Daraja peke yake halichagui dawa. Tafuteni kwenye karatasi hiyo majibu ya vipokezi vya estrojeni na projesteroni (sehemu za seli zinazopokea homoni hizo), pamoja na HER2, protini inayochochea seli kukua. Yasipokuwepo, mwombeni daktari aagize vipimo hivyo, kwani kinyama kilekile kilichohifadhiwa ndani ya nta kwa kawaida hutosha kupimwa bila dada kuchukuliwa kingine.