Mdogo wangu anataka mbwa

Wiki tatu zilizopita mdogo wangu alinipigia simu saa nne usiku, sauti inatetemeka. Wamehamia nyumba ya kupanga Kibaha, uzio wake ni michongoma yenye matundu, na jioni ile vibaka walikuwa wamepita wakabeba mtungi wa gesi na nguo zote zilizoanikwa. Hakutaka pole. Alitaka nimtafutie mbwa, tena mkali, tena kabla ya Jumamosi.

Nikamwambia simtafutii mpaka tukae tuzungumze. Alinuna. Namwelewa, maana mwaka 2016 nilikuwa pale pale alipo leo, na hakukuwa na wa kunizuia.

Tulikuwa tumehamia Madale kwenye nyumba ambayo haijaisha, kama wengi tunavyofanya: vyumba viwili vina bati, vingine ni kuta tu, ukuta wa nje bado ni ndoto. Asubuhi moja tukaamka nondo hazipo. Kesho yake, nikitoka kazini, nikamkuta kijana kando ya barabara na boksi la watoto wa mbwa. Akasema wana miezi miwili na wameshachanjwa. Sikuomba kadi, sikuuliza mama yao yuko wapi, sikumshirikisha mtu yeyote nyumbani. Nikalipa, nikambeba mmoja kwenye kapu la sokoni. Tukampa jina Tiga.

Siku ya tano Tiga hakula. Nikadhani ni joto. Jioni akaanza kutapika povu la njano, na usiku akaharisha damu, harufu ambayo ukiinusa mara moja utaijua popote. Mwanangu, wakati huo ana miaka sita, alikaa naye jikoni juu ya gunia, anamlowesha midomo kwa pamba. Daktari wa mifugo alifika asubuhi, akamfunua mdomo, fizi zimekuwa nyeupe kabisa. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Akamtundikia dripu kwenye msumari wa dirisha. Siku ya tatu ya kuugua, kabla hakujapambazuka, Tiga akafa.

Mwanangu aliniuliza kama ni yeye aliyemuua kwa kumpa maziwa mengi. Nilimwambia hapana, kosa ni la mama. Na lilikuwa langu kweli.

Daktari yule alikaa na mimi barazani akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya kupita karibu na lile boksi. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo yake huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka avuke wiki 16. Kwa hiyo mtoto wa miezi miwili "aliyeshachanjwa" huwa amepata dozi moja tu, kama ameipata. Ukiambiwa kachanjwa, omba kadi yenye tarehe, stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, na sahihi ya aliyechanja. Hakuna kadi, hesabu kwamba hakuna chanjo. Tena virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Tulimwaga klorini kila mahali Tiga alipopita, na bado daktari akatukataza kuleta mtoto mwingine wa mbwa pale. Nilimtii.

Jambo la pili ambalo hofu ya wezi ilinificha ni hili: mtoto wa mbwa halindi chochote. Mpaka apevuke na kujua huyu ni wa nyumbani na huyu ni mgeni, mwaka mzima umepita, na mwaka huo wewe ndiye unayemlinda yeye. Taa ya nje, kufuli imara na jirani mwenye namba yako ya simu vinafanya kazi usiku huo huo. Hayo nilimwambia mdogo wangu ayafanye kwanza, na ameyafanya.

Miaka miwili baada ya Tiga ndipo akaja Bosi. Hatukumtafuta. Alikuwa wa mwalimu mmoja aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwalimu akapata uhamisho wa mkoa wa mbali, akapita nyumba kwa nyumba akiomba mtu amchukue mbwa wake mwenye miaka mitatu. Alikuja na sahani yake, mnyororo wake na kadi iliyojazwa kila mwaka. Mwalimu alipoondoka aliinama akamshika Bosi masikio kwa muda mrefu, kisha akatoka bila kugeuka.

Kwa wiki mbili Bosi alikuwa akitoroka kila alfajiri. Nikitoka saa kumi na moja kuwahi daladala, namkuta amelala mbele ya geti la nyumba ile, kidevu kwenye vumbi, pua imeelekea upenyo wa chini ya geti. Wapangaji wapya walikuwa wanamfukuza kwa maji. Nilikuwa namwita, anainua jicho moja, anarudi kulichungulia geti. Siku ya kumi na tano ndipo alipoinuka mwenyewe akanifuata.

Ndiyo maana swali la kwanza nililomuuliza mdogo wangu halikuhusu chakula wala banda. Nilimuuliza: ukipata uhamisho, au mwenye nyumba akikwambia hamisha vyombo mwisho wa mwezi, mbwa anakwenda wapi? Yeye ni muuguzi wa serikali, uhamisho kwake si hadithi. Mwalimu yule angalau alitafuta mtu. Wengi hupakia makochi kwenye fuso na mbwa anabaki anakimbiza gari mpaka linakata kona. Kisha tunamwita mbwa koko na kumrushia mawe.

Swali la pili ni la nani yuko nyumbani. Mimi nilikuwa natoka alfajiri narudi saa mbili usiku, kwa hiyo "mbwa wangu" kwa kweli angekuwa mbwa wa dada wa kazi. Dada wa wakati ule alitoka Tanga, Mwislamu anayeishika dini yake, na kwake mate ya mbwa ni najisi: yakigusa chombo au nguo ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa Tiga sikumuuliza. Alinyamaza, lakini nilimwona akiinua gauni kila akipita uani, anaswali kwa wasiwasi. Nilimkosea sana. Bosi alipokuja nilikaa na dada kwanza. Tukakubaliana: banda liwe upande wa pili wa nyumba, mbali na kamba za nguo na bomba, chakula na usafi wa mbwa ni wangu na wa mwanangu, yeye asiguse hata sahani. Nililazimika kuamka saa kumi badala ya kumi na nusu. Nusu saa hiyo naiamka hadi leo, iwe Idi, iwe Krismasi, niwe na homa. Majirani nao walinitaka kitu kimoja tu, asizurure kwenye njia ya msikitini, na ni haki yao.

Kuhusu chakula, watu hudhani mbwa anakula makombo. Bosi anakula kama robo kilo ya unga kwa siku, pamoja na dagaa walioloweshwa kupunguza chumvi, au utumbo na mapafu ya ng'ombe. Robo kilo kwa siku ni zaidi ya kilo 90 kwa mwaka. Mbwa akiishi miaka 10 ni magunia tisa ya kilo mia mia, ukiacha kitoweo. Na unga uwe mzima. Kuna tabia ya kumtengea mbwa mahindi yaliyoingia ukungu kwa kuwa "ni wa mbwa". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huharibu ini la mbwa upesi na kumuua. Vitunguu humharibia damu, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vijiti vikali tumboni.

Dawa za minyoo kila miezi mitatu, kupe kila wiki unamkagua masikioni na katikati ya vidole. Chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka. Hii ya kichaa usiijadili na mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kama wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kimbilia hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo.

Mdogo wangu aliniuliza kuhusu ukali. Mtaani wanasema mlishe pilipili, mfungie gizani mchana kutwa. Mbwa wa hivyo haji kuwa mlinzi. Anakuwa mnyama mwenye hofu, na wa kwanza kumuuma ni mtoto wa nyumbani anayechezea karibu na banda. Bosi hajawahi kulishwa pilipili. Anajua nyayo zetu, na mgeni akigusa geti usiku anabweka kwa sauti ambayo mtaa mzima unaifahamu.

Mwishowe nikamwomba kitu kimoja. Nilikuwa nasafiri siku kumi kwenda msibani, nikamwambia aje akae na Bosi, afanye kila ninachofanya. Bosi sasa ana miaka kumi, mdomo umeota mvi, mguu wa nyuma unakaza asubuhi na lazima umkande kidogo kabla hajainuka. Siku ya pili alinitumia ujumbe kwamba amechelewa zamu. Siku ya nne mvua ilinyesha usiku kucha, akatoka na mwavuli mara mbili kuangalia kama banda linavuja. Siku ya saba hakulalamika tena, alinitumia picha ya Bosi ameweka kichwa juu ya kiatu chake cha kazini.

Niliporudi tulikaa barazani tukahesabu pamoja: zamu zake za usiku, kodi inayoisha Juni, mume anayekuja nyumbani mwisho wa wiki tu. Alikata shauri mwenyewe. Hatachukua mbwa kwenye nyumba ya kupanga. Ana kiwanja Mlandizi, msingi umeshamwagwa, na ameniomba nimwonyeshe ukubwa wa banda la Bosi ili fundi aliweke kwenye ramani, upande wa kivuli cha asubuhi.